Tom von Prince: Ofisa wa Kijerumani aliyemsaka Mkwawa na kuanzisha mji wa Iringa

Watanzania wengi wanalijua jina la Mkwawa tangu darasa la nne. Lakini ukiuliza ni nani hasa aliyemsaka chifu huyo wa Wahehe kwa karibu miaka miwili, wengi watajibu "Wajerumani" na kuishia hapo.

Mtu huyo alikuwa na jina. Aliitwa Tom Prince. Vita vya Uhehe vilimpa sifa kubwa kwao Ujerumani, vikamwinua hadi kuingizwa kwenye tabaka la makabaila, na ndiye aliyechagua mahali ulipo mji wa Iringa leo.

KWA UFUPI

- Jina: Tom Prince, baadaye Tom von Prince
- Jina alilopewa na askari: Bwana Sakarani
- Alizaliwa: Januari 9, 1866, kisiwani Mauritius
- Alikufa: Novemba 4, 1914, Tanga
- Cheo: Kapteni
- Jeshi: Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Ujerumani

Mtoto wa Mauritius, yatima wa Ujerumani

Prince hakuzaliwa Ujerumani. Alizaliwa Mauritius, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza. Baba yake alikuwa raia wa Uingereza aliyefanya kazi ya polisi kisiwani humo, na mama yake alikuwa na asili ya Kijerumani.

Wazazi wote wawili walifariki angali mdogo. Alilelewa Silesia, eneo lililokuwa mashariki mwa Ujerumani ya wakati ule, na huko akasomeshwa katika shule zilizoandaa vijana kuwa maofisa. Kwenye chuo cha kijeshi cha Kassel alikutana na kijana mwingine ambaye Tanzania nzima ingekuja kulisikia jina lake: Paul von Lettow-Vorbeck. Kumbuka jina hilo, tutakutana nalo tena Tanga.

Mwaka 1890 Prince akaja Afrika Mashariki.

Schutztruppe walikuwa kina nani?

Jeshi alilojiunga nalo lilianzishwa na Hermann von Wissmann mwaka 1889 ili kuzima upinzani wa Abushiri na wenzake huko Pwani. Mwaka 1891 likawa jeshi rasmi la koloni, likaitwa Schutztruppe, yaani kikosi cha ulinzi.

Maofisa walikuwa Wazungu wachache tu. Askari wenyewe walikuwa Waafrika. Wa kwanza walitoka Sudan, wakiajiriwa kupitia Misri, wengine walitoka kusini mwa Msumbiji na walijulikana kama Wazulu. Baadaye wakaingia Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine wa hapa hapa.

Lilikuwa jeshi dogo, lakini lilifanya mazoezi makali na lilikuwa na bunduki za kisasa, mizinga na bunduki za rashasha aina ya Maxim. Askari walilipwa vizuri kuliko vibarua wa kawaida, na vijijini waliogopwa sana.

Ni askari hao waliompa Prince jina la "Bwana Sakarani". Sakarani ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya mtu aliyelewa. Kwa Prince ulevi uliosemwa ni ule wa vita: risasi zikianza kulia, jamaa alikuwa kama amepandwa na kitu kichwani. Jina likamganda mpaka kaburini.

Lugalo, kipigo kilichobadilisha kila kitu

Ili kuelewa kwa nini Prince alipelekwa Iringa, lazima turudi Agosti 17, 1891.

Siku hiyo kamanda wa Schutztruppe, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita "Nyundo", alikuwa akiongoza msafara wa askari zaidi ya 300 pamoja na wapagazi kuingia Uhehe. Njiani walikuwa wakichoma vijiji. Walipofika Lugalo, kando ya barabara inayotoka Iringa kwenda Morogoro leo, Wahehe walikuwa wamejificha vichakani wakiwasubiri.

Shambulio lilikuwa la ghafla, na silaha kubwa ya Wahehe ilikuwa mikuki. Askari wengi hawakupata hata nafasi ya kupanga mstari wa kufyatua risasi. Mambo yaliisha ndani ya dakika chache. Zelewski aliuawa, pamoja na Wazungu wengine na askari zaidi ya 200. Wahehe wakaondoka na takriban bunduki 300 na mizinga mitatu.

Wahehe nao walipoteza watu wengi, ndiyo maana Mkwawa alipiga marufuku maombolezo. Lakini Berlin habari ilikuwa moja tu: jeshi la Kaisari limepigwa na chifu wa Kiafrika. Kuanzia siku hiyo, kulipa kisasi kwa Mkwawa kukawa njia ya ofisa yeyote kupanda cheo.

Prince hakuwemo kwenye msafara wa Lugalo. Ila nafasi iliyoachwa wazi na waliokufa pale ndiyo iliyomfungulia njia.

Tabora, 1893: jina laanza kusikika

Kabla ya Iringa, Prince alipelekwa Unyanyembe. Chifu Isike wa Tabora, ambaye Wajerumani walimwita Sike, alikuwa akiibana njia ya biashara ya kutoka Pwani kwenda maziwa makuu. Mashambulizi kadhaa dhidi ya ngome yake yalishindwa.

Januari 1893, Luteni Prince aliongoza askari wakaivamia ngome na kuiteka. Isike alipoona mambo yameharibika, alijifungia kwenye ghala la baruti na kulilipua ili asikamatwe akiwa hai. Hakufa papo hapo. Wajerumani walimtoa akiwa mahututi, wakamnyonga.

Mfano huo wa Isike utajirudia Iringa miaka mitano baadaye, kwa namna nyingine.

Kalenga, 1894: ukuta waanguka, chifu atoroka

Baada ya Lugalo, Mkwawa alijua Wajerumani watarudi. Ngome yake ya Kalenga, pembeni ya Mto Ruaha Mdogo, ilizungushiwa ukuta mrefu wa mawe na udongo.

Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele alikuja mwenyewe na kikosi kikubwa. Prince alikuwa miongoni mwa maofisa wake. Oktoba 30 askari waliupanda ukuta, na baada ya mapigano ya nyumba kwa nyumba Kalenga ikaanguka. Schele alirudi na nishani ya Pour le Mérite, iliyokuwa ya juu kabisa kwa ushujaa wa kijeshi Ujerumani.

Lakini Mkwawa hakukamatwa. Alipotea porini na watu wake, na Schele alipoondoka eneo likarudi mikononi mwa Wahehe. Nishani ilishatolewa, vita vilikuwa bado.

1896: Iringa mpya yazaliwa

Mwaka 1896 kazi ya kummaliza Mkwawa alikabidhiwa Prince, sasa akiwa Kapteni. Alikuja na mkewe, Magdalene, ambaye walikuwa wamefunga ndoa mwaka huohuo. Magdalene aliandika shajara, na baadaye ikachapishwa kama kitabu Ujerumani. Mengi yanayojulikana leo kuhusu maisha ya ndani ya boma lile yanatoka kwake. Ni maelezo ya mke wa kamanda, kwa hiyo msomaji anapaswa kujua yanaona mambo kutoka upande gani.

Prince hakutaka kukaa Kalenga. Alichagua kilima kilicho juu ya bonde la Mto Ruaha Mdogo, mahali ambapo adui angeonekana kutoka mbali. Hapo akajenga kituo cha jeshi kilichoitwa Iringa Mpya. Jina lenyewe linatokana na neno la Kihehe *lilinga*, lenye maana ya ngome au boma.

Kituo kikavuta wafanyabiashara, wapagazi, mafundi na familia za askari. Kambi ikageuka soko, soko likageuka mji. Huo ndio mji ambao leo una stendi, vyuo vikuu na bodaboda kila kona.

Mpangile: chifu wa miezi miwili

Prince hakutegemea bunduki peke yake. Mbinu yake kubwa ilikuwa kuwagawa watu.

Mwishoni mwa Desemba 1896 alimtawaza Mpangile, ndugu wa Mkwawa, kuwa chifu wa Wahehe chini ya Wajerumani. Hesabu yake ilikuwa rahisi: watu wakiwa na chifu mpya, watamsahau wa zamani.

Haikuwa hivyo. Wahehe waliendelea kumpelekea Mkwawa chakula na taarifa porini. Prince akaamini kwamba Mpangile mwenyewe anacheza pande mbili. Februari 1897, miezi miwili tu baada ya kumtawaza, akaamuru anyongwe pamoja na ndugu zake wengine.

Kwa Wahehe, hilo lilikuwa jibu tosha kuhusu maana ya kujisalimisha. Mtu aliyekubali kukaa na Wajerumani amekufa, na aliyekataa bado yuko hai msituni.

Upande wa Mbeya: Merere arudishwa Usangu

Mchezo huohuo wa kugawa ulifika mpaka eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mbeya.

Wasangu, chini ya ukoo wa Merere, walikuwa mahasimu wa muda mrefu wa Wahehe. Kabla Wajerumani hawajaingia, Wahehe walikuwa wamewafukuza kutoka tambarare za Usangu, ambazo leo ziko Wilaya ya Mbarali. Merere alihamia Usafwa, karibu na Mbeya ya sasa, akajenga ngome huko.

Kwa Merere, Mjerumani alikuwa nafasi ya kurudi nyumbani, na kwa Prince, Merere alikuwa chanzo cha wapiganaji na wapelelezi wanaoijua nchi. Wakashikana mikono. Wasangu wakarudishwa Utengule ya Usangu, na Mkwawa akafungiwa upande wa magharibi. Upande wa Kilombero, Kiwanga wa Wabena naye alisimama na Wajerumani.

Ni rahisi leo kuwaita viongozi hao wasaliti. Lakini mwaka 1896 hapakuwa na Tanzania. Kulikuwa na Wasangu, Wabena na Wahehe, na kila mmoja alikuwa na madeni ya damu kwa mwenzake. Prince aliyakuta madeni hayo, akayatumia.

Msako wa njaa

Kuanzia 1897 vita vilibadilika kabisa. Hapakuwa tena na mapigano makubwa kama Lugalo au Kalenga. Askari walitawanywa kwenye vituo vidogo, doria zikazunguka mchana na usiku kufuata nyayo za Mkwawa.

Mashamba yalichomwa, maghala yakabebwa, mifugo ikachukuliwa. Kijiji kilichoshukiwa kumlisha Mkwawa kiliadhibiwa. Lengo lilikuwa kumkatia chakula chifu, lakini walioumia kwanza ni kina mama, watoto na wazee. Njaa ikaingia Uhehe.

Mwaka 1898 Gavana Eduard von Liebert akatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa pesa ndefu, ambayo askari wa kawaida asingeweza kuikusanya kwa miaka mingi ya mshahara.

Hata hivyo, miezi ilipita na Mkwawa hakuuzwa. Watu wenye njaa, walioona mashamba yao yakiteketea, walikaa kimya. Kama kuna ushujaa wa kuhesabu kwenye vita hii, huo nao umo.

Julai 19, 1898: Mlambalasi

Mwisho ulifika kwenye miamba ya Mlambalasi, magharibi mwa mji wa Iringa, njia ya kwenda Pawaga. Mkwawa alikuwa mgonjwa na amechoka, na watu aliobaki nao walikuwa wa kuhesabu.

Doria iliyomfikia haikuongozwa na Prince, iliongozwa na Sajenti Merkl. Walisikia mlio wa bunduki, wakasogea, wakaona watu wawili wamelala kando ya moto. Walipofika karibu wakagundua wote wamekufa. Mkwawa alikuwa amejipiga risasi kichwani. Kama Isike wa Tabora, alikataa kushikwa akiwa hai.

Merkl aliamuru kichwa kikatwe, kikapelekwa kwa Prince Iringa. Mwili ukazikwa na watu wake Mlambalasi, na kaburi liko huko hadi leo. Fuvu likasafirishwa Ujerumani.

Kwa maneno mengine, Kapteni Prince hakuwahi kumkamata Mkwawa. Alimzingira, akamnyima chakula, akaua ndugu zake. Neno la mwisho alilisema Mkwawa mwenyewe.

Heshima ya Kaisari na shamba la Usambara

Ujerumani hawakuhesabu hivyo. Kwao Prince alikuwa mtu aliyefuta aibu ya Lugalo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kaisari Wilhelm II alimpandisha kuwa kabaila, jina lake likaongezwa "von". Yatima wa Mauritius, mtoto wa polisi wa Kiingereza, sasa alikuwa bwana mkubwa wa Kijerumani.

Wakati huo alikuwa ameacha kazi ya jeshi na kwenda kuwa mkulima milima ya Usambara. Shamba lake, karibu na Soni wilayani Lushoto, lilibeba jina lake la kivita, Sakarani. Ukienda huko leo utaikuta misheni ya watawa Wabenediktini inayoitwa Sakharani. Wageni wengi wanaofika pale hawajui jina lilitoka wapi.

Huko shambani Prince aliandika kitabu kuhusu vita vyake dhidi ya Waarabu na Wahehe. Kilichapishwa mwaka 1914, mwaka aliokufa.

Tanga: nyumba za mji na kifo

Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka Agosti 1914, Prince alikuwa na miaka 48. Angeweza kubaki shambani. Badala yake alirudi jeshini chini ya mwanafunzi mwenzake wa zamani, Lettow-Vorbeck, ambaye sasa alikuwa kamanda wa Schutztruppe.

Mwezi huohuo wa Agosti aliongoza kikosi kilichovuka mpaka na kuiteka Taveta, upande wa Kenya.

Novemba 2 meli za Uingereza zikafika Tanga zikiwa na wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Lettow-Vorbeck alikuwa na takriban 1,000, waliosafirishwa haraka kwa reli kutoka upande wa Kilimanjaro. Novemba 4 mapigano yakaingia mitaani. Ni vita hii ambayo nyuki waliochokozwa na risasi waliwafukuza wanajeshi, hadi Waingereza wengine wakadhani ni silaha ya Mjerumani.

Waingereza walishindwa vibaya na kurudi melini. Lakini siku hiyohiyo, katikati ya mji, Tom von Prince alipigwa risasi akiongoza kampuni za walowezi wa Kijerumani, akafa. Mtoto wa polisi wa Uingereza aliuawa na jeshi la Uingereza, akiipigania Ujerumani, kwenye ardhi ambayo haikuwa ya nchi yoyote kati ya hizo mbili.

Fuvu lililoingia kwenye mkataba wa dunia

Kisa hakikuishia Tanga. Ujerumani iliposhindwa vita, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliweka kifungu cha 246 kikiitaka irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita ikageuka miongo.

Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen yaliyokuwa na mafuvu mengi kutoka makoloni. Alitumia vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa kuchuja, na hatimaye akachagua moja lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, pale Kalenga.

Adam Sapi Mkwawa baadaye akawa Spika wa Bunge kuanzia 1962 hadi 1973, na tena 1975 hadi 1994. Mjukuu wa mtu aliyewekewa rupia 5,000 kichwani aliongoza Bunge la nchi huru.

Nani anakumbukwa Iringa?

Hebu tupige hesabu ya kilichobaki.

- Mkwawa: ana makumbusho Kalenga, kaburi Mlambalasi, na chuo kikuu kishiriki cha Mkwawa mjini Iringa.
- Lugalo: jina la mahali Zelewski alipoangukia limepewa kambi kubwa ya Jeshi la Wananchi na hospitali yake Dar es Salaam. Jeshi la leo limebeba jina la ushindi wa Wahehe.
- Von Prince: mji wenyewe. Kilima alichokichagua kwa ajili ya kuwatazama Wahehe sasa kimejaa nyumba zao.
- Askari Waafrika wa pande zote mbili: wengi wao hata majina hayajulikani. Mnara wa Lugalo unawataja maofisa wa Kijerumani, lakini waliokufa wengi zaidi siku ile walikuwa Waafrika.

Mjadala wa urithi huu bado ni wa moto. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha mjini Songea kwa ukatili wa nchi yake wakati wa Vita vya Majimaji, na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Chifu Songea Mbano. Familia nyingine bado zinasubiri mabaki ya wazee wao.

Ndiyo maana jina la Tom von Prince linafaa kujulikana. Ukisema tu "Wajerumani walifanya", unabaki na kivuli. Ukijua aliyeamuru Mpangile anyongwe, aliyepokea kichwa kilichokatwa Mlambalasi na aliyelipwa heshima kwa kazi hiyo, unaanza kuona jinsi ukoloni ulivyofanya kazi: kwa amri za watu wenye majina, vyeo na sahihi zao.